Wycliffe hakushitakiwa kwa kutafsiri Biblia: alifundisha nini, na mafundisho yake yalimfikiaje Luther?

Swali la msomaji: "Naandaa somo la vijana kanisani kuhusu Matengenezo ya Kanisa. Huku magharibi mwa Kenya akina Wycliffe ni wengi, lakini nikiuliza mwenye jina alikuwa nani, naambiwa tu kwamba alitafsiri Biblia kwa Kiingereza, Papa akamuua. Je, ni kweli? Kama kosa lake lilikuwa kutafsiri tu, mbona walimfukua wakachoma mifupa? Na Luther alimjua?"

Mwalimu, tuanze na lililo jepesi. John Wycliffe hakuuawa. Tarehe 28 Desemba 1384, akiwa kwenye Misa katika kanisa la parokia yake ya Lutterworth, katikati ya Uingereza, alipatwa na kiharusi, akafariki tarehe 31. Alizikwa pale pale kama paroko mwingine yeyote. Kwa hiyo neno "mfiadini" liondoe kwenye somo lako kabisa.

La pili ni zito zaidi. Orodha kubwa za mashtaka dhidi yake ni tatu. Ya kwanza ilitoka kwa Papa Gregori XI mwaka 1377. Ya pili ilitolewa na baraza lililokutana Blackfriars, London, Mei 1382: hoja 24, ambazo 10 ziliitwa uzushi na 14 makosa. Ya tatu ni ya Mtaguso wa Konstanz wa 1415 (mtaguso ni mkutano mkuu wa Kanisa), yenye hoja 45. Zipitie moja moja, hutakuta hata hoja moja inayomlaumu kwa kutafsiri Biblia. Utakuta mali ya Kanisa, mamlaka ya Papa, kutengwa na Kanisa, zaka, watawa, na mkate wa Ekaristi. Tafsiri ilizaliwa na mafundisho haya baadaye, kwa hiyo anayeanzia kwenye tafsiri ameshika mkia. Vijana wako waanzie kwenye neno moja: milki.

Milki

Kiswahili kinatupa bahati hapa. Neno la Kilatini alilotumia Wycliffe, dominium, lina maana ya kumiliki mali na pia ya kutawala watu, na "milki" yetu hubeba maana hizo zote mbili. Swali lake lilikuwa hili: ni nani mwenye milki ya haki?

Wazo la msingi hakulibuni yeye. Richard FitzRalph, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, alikuwa amelitumia miaka ya 1350 kuwapinga watawa ombaomba. Wycliffe alilichukua akalisukuma mbali zaidi katika De civili dominio, kitabu cha miaka ya 1375 na 1376. Hoja inakwenda hivi. Mwenye milki kamili ni Mungu peke yake. Mwanadamu hupewa kama mtumishi anavyokabidhiwa shamba, kwa sharti la kumtumikia aliyempa. Dhambi ya mauti huvunja sharti hilo, kwa hiyo mwenye dhambi hiyo anaweza kuwa ameshika mali mkononi lakini haki ya kuimiliki hana. Kisha hoja inawageukia mapadre: Kristo aliwaamuru mitume wake waishi bila mali, na ardhi za Kanisa zilitolewa na wafalme na matajiri kama sadaka. Sadaka ikitumiwa vibaya, mtawala wa nchi ana haki ya kuitwaa, na kwa kuitwaa anamfanyia padre hisani.

Hoja hii ina udhaifu mmoja mkubwa, na vijana werevu watauona mara moja. Nani ajuaye kwamba fulani yumo katika neema na fulani hayumo? Wycliffe mwenyewe alifundisha kwamba hakuna mwanadamu anayejua. Kwa hiyo milki kwa neema haiwezi kutumika mahakamani. Kilichobaki na nguvu ni ile sehemu ya mwisho, ya mtawala kutwaa mali ya Kanisa, na hiyo ndiyo iliyopata wateja.

Wateja walikuwapo kwa sababu za wakati ule. Mwaka 1213 Mfalme John alikuwa ameahidi kumlipa Papa mark 1,000 kila mwaka. Malipo yalilegalega, Papa akayadai upya, na Bunge likayakataa mwaka 1366. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na Mapapa walikaa Avignon tangu 1309 hadi 1377, hivyo Waingereza wengi waliona fedha zao zinakwenda kwa marafiki wa adui. Mwaka 1374 Wycliffe alitumwa na mfalme hadi Bruges kujadiliana na wajumbe wa Papa juu ya malipo hayo. Mlezi wake mkubwa alikuwa John of Gaunt, mwana wa mfalme. Februari 1377 Wycliffe alipoitwa mbele ya maaskofu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, Gaunt aliingia naye ukumbini, yakazuka maneno makali kati yake na Askofu William Courtenay, fujo ikatokea na kikao kikavunjika. Mwaka uliofuata aliitwa tena Lambeth, na safari hii mama yake mfalme mpya, Joan wa Kent, alituma ujumbe kwamba asihukumiwe. Hiyo ni sehemu ya jibu la kwa nini alifia kitandani. Sehemu nyingine ni kwamba sheria ya Kiingereza ya kuwachoma wazushi ilipitishwa 1401, miaka 16 baada ya yeye kufa.

Wakulima walipoasi Juni 1381 na kumuua Askofu Mkuu Simon Sudbury, wengi walisema ni mafundisho ya Wycliffe yaliyowachochea. Usilirudie hilo. John Ball, mhubiri wa waasi, alikuwa akihubiri na kufungwa tangu miaka ya 1360, kabla jina la Wycliffe halijatoka nje ya Oxford. Tena Wycliffe alifundisha kwamba hata mfalme dhalimu lazima atiiwe. Madhara yalikuwepo hata hivyo: aliyechukua kiti cha Sudbury ni Courtenay, yule yule wa 1377.

Utu na mtu

Kwa zaidi ya miaka 20 Wycliffe alikuwa mwalimu wa falsafa na teolojia Oxford, mkuu wa Balliol mwaka 1360, na falsafa yake ndiyo inayoshikilia mafundisho mengine yote. Chukua maneno "mtu" na "utu". Wanafalsafa wa upande mmoja walisema kuna watu tu, na "utu" ni jina tunaloweka juu ya wengi wanaofanana. Wycliffe alikuwa upande wa pili, na kwa ukali: utu upo kweli, tena ulikuwapo katika mawazo ya Mungu kabla ya mtu yeyote kuzaliwa. Kila kilichopo kina asili yake ya milele humo.

Kutoka hapo mambo matatu yanafuata.

La kwanza ni Kanisa. Kama kila kitu kina kweli yake katika Mungu, basi Kanisa la kweli ni jumla ya wote waliochaguliwa na Mungu tangu milele, waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Kuwa na kofia ya askofu hakukuthibitishii kwamba umo. Papa naye anaweza kuwa hayumo, na hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Aliyaandika haya katika De ecclesia mwaka 1378, mwaka ule ule Kanisa lilipopata Mapapa wawili kwa mpigo, Urbano VI huko Roma na Klementi VII aliyeishia Avignon, kila mmoja akimtenga mwenzake. Hoja iliyokuwa ya darasani sasa ilionekana kwa macho.

La pili ni Maandiko, na hapa ndipo tafsiri inapopata mzizi. Katika De veritate sacrae scripturae anayapanga Maandiko katika ngazi 5. Ya juu kabisa ni Kitabu cha Uzima. Ya pili ni kweli zilizomo ndani yake kama zilivyo katika mawazo ya Mungu. Ya tatu ni kweli hizo hizo kama zinavyotukia na kuaminiwa. Ya nne ni kweli iliyoandikwa katika nafsi ya mtu. Ya tano, ya chini kuliko zote, ni wino juu ya ngozi na sauti ya anayesoma. Ngazi hiyo ya tano ni ishara tu. Na Kilatini kiko ngazi gani? Ya tano. Basi hakina utakatifu wake chenyewe, na kweli ile ile yaweza kuvishwa Kiingereza bila kupungua. Hoja hii ndiyo ningependa vijana watoke nayo darasani, kwa sababu inaonyesha kwamba tafsiri ilikuwa tokeo la fikra. Huruma kwa wasiojua Kilatini ilikuwapo pia, lakini peke yake isingetosha kuitetea.

La tatu ni Ekaristi, na hili ndilo lililomtenga na marafiki zake. Mafundisho rasmi ni kwamba kiini cha mkate hugeuka kuwa mwili wa Kristo, na zinabaki sifa za nje: weupe, umbo, ladha. Wycliffe alikataa kwa sababu mbili za kifalsafa. Weupe hauwezi kukaa bila kitu cheupe. Na kiini chenye asili yake katika mawazo ya Mungu hakiwezi kufutwa kikawa si kitu. Kwa hiyo mkate unabaki mkate. Hapa wengi hukosea kwa kuruka upande wa pili na kudai kwamba kwake Ekaristi ilikuwa ukumbusho tu. Hapana, alishika kwamba Kristo yumo kweli, kwa namna ya kisakramenti, kama uso unavyoonekana katika kioo bila kioo kuacha kuwa kioo. Mwaka 1381 kamati ya walimu 12 wa Oxford ililaani fundisho hilo, Gaunt akamwagiza anyamaze, na watawa ombaomba waliokuwa wakimuunga mkono juu ya umaskini wa mapadre wakawa maadui zake wakubwa. Alihamia Lutterworth moja kwa moja, akaendelea kuandika hadi kufa.

Biblia yenyewe ilitafsiriwaje?

Henry Knighton, mwandishi wa historia wa zama zile, na Jan Hus, mhubiri wa Prague, wote wanamtaja Wycliffe kama mfasiri. Lakini kazi yenyewe ina alama za mikono mingi. Kuna matoleo mawili. La awali ni la miaka ya 1380, na mswada mmoja wake unamtaja Nicholas Hereford, mwenzake wa Oxford, mahali maandishi yanapokatika ghafla katika sura ya 3 ya kitabu cha Baruku. La pili lilikamilika miaka ya 1390, Wycliffe akiwa ameshakufa. Yote mawili yalitoka katika Vulgata, Biblia ya Kilatini iliyotumiwa na Kanisa, maana Kiebrania na Kiyunani havikuwa mikononi mwao.

Dibaji ya toleo la pili inaeleza kazi ilivyofanyika, na mtafsiri yeyote wa leo ataitambua. Kwanza walikusanya Biblia nyingi za Kilatini na maelezo ya walimu wa kale, wakazilinganisha ili wapate Kilatini kilicho sahihi kiasi, kwa kuwa nakala za mkono zilijaa makosa. Pili waliyasoma maandishi hayo upya pamoja na wafafanuzi, hasa Nicholas wa Lyra kwa Agano la Kale. Tatu waliwauliza wataalamu wa sarufi na wanateolojia kuhusu maneno na sentensi ngumu. Mwisho walitafsiri kwa kufuata maana, na watu wengi wenye ujuzi wakasahihisha.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyotenganisha matoleo mawili. Toleo la awali lilifuata Kilatini neno kwa neno, likazaa sentensi zisizoeleweka. Dibaji inatoa mfano wa 1 Samweli 2:10, Dominum formidabunt adversarii eius. Kilatini huonyesha kwa mwisho wa neno kwamba Bwana ndiye anayeogopwa, hata akitangulia. Kiingereza kilikuwa kimekwisha kupoteza miisho hiyo, hivyo ukifuata mpangilio ule ule msomaji hajui nani anamwogopa nani. Toleo la pili likaupanga upya: adui za Bwana watamwogopa. Sisi tungeokolewa na ile "-mw-" ndani ya "watamwogopa", Kiingereza hakina kitu hicho.

Nakala zaidi ya 250 za Biblia hii, nzima au vipande, zipo hadi leo, nyingi kuliko za maandishi mengine yoyote ya Kiingereza cha wakati ule. Nyingi zina jedwali la masomo ya Misa, kwa hiyo walioshika mikononi hawakuwa wazushi tu. Katazo lilikuja na kanuni za Askofu Mkuu Thomas Arundel, zilizotangazwa 1409: hakuna kutafsiri Maandiko kwa Kiingereza, wala kusoma tafsiri iliyofanywa tangu wakati wa Wycliffe, bila kibali cha askofu. Ni hapo, robo karne baada ya kifo chake, tafsiri na uzushi vilipofungwa katika kamba moja, na ndiyo sababu simulizi ya kanisani imevichanganya.

Njia mbili za mafundisho yake

Njia ya Kiingereza ilikuwa ya wafuasi walioitwa Walolardi, jina la dhihaka lenye maana ya watu wa kunong'ona-nong'ona. Mwaka 1395 walibandika hoja zao 12 milangoni mwa Westminster Hall na Kanisa la Mtakatifu Paulo. Mwaka 1401 William Sawtrey, padre, alichomwa moto. Mwaka 1410 wabunge wa tabaka la mashujaa (knights) waliokuwa upande wao walileta bungeni hesabu kamili: mali ya maaskofu na abasia ikitwaliwa, ingelisha wakuu wenye cheo cha earl 15, mashujaa 1,500, wasaidizi wa mashujaa (squires) 6,200 na nyumba 100 za maskini. Hiyo ni De civili dominio iliyogeuzwa bajeti. Kisha Januari 1414 Sir John Oldcastle akajaribu uasi wa silaha, ukashindwa katika usiku mmoja, na kuanzia hapo hakuna mkubwa aliyethubutu kuonekana nao. Wakabaki mafundi, wakulima na wafumaji, wanaume kwa wanawake, wakisomeana Biblia majumbani.

Njia ya pili ilikwenda Bohemia, nchi ya Wacheki ambayo mji wake mkuu ni Prague, na ndiyo iliyobeba vitabu vyake vya Kilatini. Mwaka 1382 Anne wa Bohemia aliolewa na Mfalme Richard II, na wanafunzi wa Prague wakawa na mazoea ya kwenda Oxford. Hus alinakili kwa mkono wake maandishi ya falsafa ya Wycliffe mwaka 1398, na nakala hiyo iko Stockholm leo. Jerome wa Prague, rafiki wa Hus, alileta vitabu zaidi. Mwaka 1406 na 1407 Wacheki wawili walikwenda Uingereza kunakili vitabu vikubwa, wakarudi navyo pamoja na kipande cha jiwe la kaburi la Lutterworth. Vitabu vingi vya Wycliffe tunavisoma leo kwa sababu vilihifadhiwa Prague na Vienna, hata baada ya kuchomwa Uingereza.

Huko Prague falsafa ya "utu" ikawa bendera ya walimu wa Kicheki dhidi ya walimu wa Kijerumani. Januari 1409 mfalme wa Bohemia alibadili kura za chuo kikuu, Wacheki wakapata 3 na wageni wote 1, na Wajerumani wakahama kwa hasira wakaanzisha chuo kikuu cha Leipzig. Hus alichota kurasa nyingi kutoka kwa Wycliffe kwa ajili ya kitabu chake juu ya Kanisa cha 1413, lakini hakumfuata kwenye Ekaristi. Wala kikombe kwa waumini wote, alama kuu ya Wahus (wafuasi wa Hus), hakikutoka kwa Wycliffe. Kilianzishwa na Jakoubek wa Stříbro mwaka 1414.

Sasa mifupa. Mtaguso wa Konstanz ulimlaani Wycliffe tarehe 4 Mei 1415, ukaamuru mabaki yake yatolewe katika ardhi ya Kanisa, na tarehe 6 Julai ukamchoma Hus. Kwa kumlaani marehemu kwanza, walikuwa na kipimo cha kumpimia aliye hai: Hus alitakiwa azikane zile hoja 45, naye hakukubali kuzikana zote bila kubagua. Amri ya kufukua haikutekelezwa hadi 1428. Askofu wa Lincoln wakati wa mtaguso, Philip Repingdon, alikuwa mwanafunzi na mtetezi wa Wycliffe katika ujana wake kabla ya kutubu. Aliyetekeleza ni Richard Fleming, kwa agizo la Papa Martini V. Mifupa ilichomwa na majivu yakatupwa katika kijito cha Swift kinachopita Lutterworth.

Na Luther? Alimjua kupitia Hus. Mwaka 1519 alijadiliana na Johann Eck, mwanateolojia aliyemtetea Papa, tena pale pale Leipzig, mji wa chuo kilichozaliwa na ugomvi wa Prague. Eck alimbana kwamba anasema yale yale ya Wycliffe na Hus, na Luther akajibu kwamba katika hoja za Hus zilizolaaniwa nyingi ni za Kikristo kabisa. Kwa kusema hivyo alikiri kwamba mtaguso unaweza kukosea. Mwaka uliofuata aliandika kwamba wote walikuwa Wahus bila kujijua. Lakini kuhesabiwa haki kwa imani peke yake, moyo wa Luther, hakumo kwa Wycliffe. Luther mwenyewe alisema wale wa zamani walishambulia maisha ya Kanisa, yeye anashambulia fundisho. Jina "nyota ya asubuhi ya Matengenezo" lilitungwa na Waprotestanti wa karne ya 16, Wycliffe hakulisikia.

Jambo la kuangalia unapotafuta nukuu: yale maneno maarufu ya serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu, yanayodaiwa kuwa ya dibaji ya Biblia ya Wycliffe, hayamo humo. Na maandishi mengi ya Kiingereza yenye jina lake ni ya wafuasi. Ukitaka sauti yake mwenyewe, vitabu vya Kilatini ndivyo vya kuaminika.

Njia hizi mbili zilikuja kukutana. Mwaka 1526 Walolardi wawili kutoka kijiji cha Steeple Bumpstead, Essex, walikwenda London kwa Robert Barnes, mtawa aliyeshika mafundisho mapya ya kutoka Ujerumani. Walimwonyesha vitabu vyao vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono. Barnes hakuvithamini, akawauzia Agano Jipya la William Tyndale, lililopigwa chapa, limetafsiriwa kutoka Kiyunani. Walilipa shilingi 3 na peni 2, wakarudi nalo kijijini.